Mzee wa Sayari Anasema Kikwetu

New Orleans, 3 Oktoba 1989

Kaka Anatole,

Salamu kutoka kwetu sote tuliobaki. Joto limekataa kuondoka, na mimi nimeshaletewa vitambaa vya magauni ya Kanivali, kwa hiyo sebule imejaa satini na hakuna pa kukaa. Mama yuko vilevile: miguu haimtii, mdomo unamtii kupita kiasi. Mama mdogo Octavie masikio yamezidi kuwa mazito na kile kifaa amegoma kukivaa, anasema kinamletea sauti za watu asiowapenda. Mwanangu Rénald amepandishwa cheo posta, siku hizi anavaa tai. Paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoondoka.

Bahasha nimeandika Bwana Alan Roche, jina lako la huko, kama kawaida, na nyuma sikuweka jina langu. Kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu jioni tunatazama ule mchezo mpya wa televisheni, Walioshuka, wa wale watu wa sayari nyingine waliotua California wakakosa pa kupanga. Mama anaupenda. Kile kipindi ambacho watoto wao walizuiwa mlangoni mwa shule, alisema, "Hawa nao wamechelewa kushuka. Wangekuja enzi zetu tungewaelekeza mlango wa nyuma."

Basi wiki iliyopita wazee wa sayari walikuwa na baraza. Mmoja wao, Mzee Ketar, mwenye kichwa cha rangi ya jivu na mikunjo shingoni, alisimama akasali kwa lugha ya kwao. Mama alikuwa anakula maharage yake mekundu ya Jumatatu. Akaweka kijiko chini, akacheka mpaka nikadhani amepaliwa. Yule mzee, Kaka, alikuwa anasema: lete kichwa hapa nikuoshe, na ukilia nitakupa sababu ya kulia. Kwa Kreoli. Kreoli ya jikoni kwetu, na lafudhi yake yote. Binadamu waliokuwa kwenye baraza wakatokwa na machozi kwa uzuri wa ile sala.

Mama akasema, "Huyo ni Anatole."

Nikamwambia huyo ni mwigizaji tu. Akanijibu kwamba Anatole alikuwa mwigizaji tangu ananyonya.

Ingekuwa ni Mama peke yake ningenyamaza. Lakini Kata ya Saba nzima imesikia. Jumapili baada ya misa Bwana Ovide aliniuliza kama yule mzee atasali tena wiki ijayo. Hakukutaja. Watu wa hapa bado wana adabu zao: mtu wetu mweusi ambaye kwa weupe wa ngozi yake amevuka, akaenda kuishi na Wazungu kama Mzungu, hatajwi, na hata tukigongana naye barabarani hasalimiwi mpaka asalimu yeye kwanza. Wanakulinda, kama walivyokulinda tangu mwaka hamsini na moja. Ila Jumatatu jioni wanacheka mpaka madirisha yanatikisika.

Ulituambia umepata kazi. Hukusema ni kazi gani.

Mdogo wako,
Mena

Los Angeles, 17 Oktoba 1989

Mdogo wangu Mena,

Nimefurahi kusikia mko salama, na nampongeza Rénald kwa tai. Hapa hatujambo. Margaret anapambana na konokono kwenye bustani yake. Binti yetu Susan ni mjamzito, atajifungua Aprili. Mimi mgongo unanisumbua kidogo, maana kichwa cha Mzee Ketar ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kukivaa ni kukaa kwenye kiti tangu alfajiri, gundi usoni, usicheke, usipige chafya.

Nitakueleza ilivyokuwa, ili uone kwamba hakuna kisa. Lugha ya watu wa sayari haijaandikwa na yeyote. Mwandishi anaandika tu: "Mzee anasema kwa lugha yao, kwa uchungu." Basi kila mwigizaji anabwabwaja la kwake. Siku ile nilikuwa nimechoka, gundi inaniwasha, kamera ikawashwa, na mdomo ukachukua ulichokikuta karibu. Sikufikiri kwamba yupo mtu wa kuelewa. Nilikuwa naifikiria Marekani yote, sikuifikiria Kata ya Saba.

Baya zaidi, mwongozaji alifurahi. Akasema lugha yangu ndiyo pekee inayosikika kama lugha ya watu, akataka niwafundishe wenzangu. Nimewafundisha. Ile wiki ya pili, wale askari wa sayari wanaoapa kufa kwa ajili ya malkia wao walikuwa wanasema kuku ameingia jikoni, mfukuze.

Nitaacha. Nimeshamwambia mwongozaji watafute mtaalamu. Wewe mwambie Mama ni bahati tu, sauti za wazee hufanana.

Susan na mumewe hawajui lolote, wala Margaret. Mtoto atazaliwa Aprili. Unajua ninachowaza.

Nawasalimu wote.
A.

New Orleans, 23 Oktoba 1989

Kaka Anatole,

Hongera kwa mjukuu anayekuja. Huku mvua imenyesha, jikoni tumeweka sufuria tatu chini ya paa. Mama mdogo anakusalimu. Kwa kweli hajui kama nakuandikia, lakini angejua angekusalimu.

Mama sitamwambia ni bahati. Mwambie mwenyewe. Amemfundisha kila mwanamke anayekuja kupima gauni maana ya kile kiapo cha askari, na mmoja alicheka mpaka pini zikamchoma.

Najua unachowaza. Unawaza mtoto atatoka na rangi gani. Atatoka na rangi aliyopewa, na nywele alizopewa, na mtu wa kumweleza zimetoka wapi ni wewe. Nimeshasema, sirudii.

Sikia sasa. Daktari amesema moyo wa Mama umechoka, joto la mwakani hatalifikia. Mama hakushtuka. Alisema hana anachodai duniani isipokuwa kimoja: uje Sikukuu ya Watakatifu Wote upake chokaa kaburi la Baba, kama mwana wa kwanza anavyotakiwa, na umwite Mama mbele ya watu ukiwa na uso wako. Si kwa simu, wala usimame ng'ambo ya barabara kwenye gari la kukodi kama ulivyofanya kwenye mazishi ya Baba, ukadhani hakukuona.

Aliniambia nikuandikie maneno haya: "Nina miaka tisini na moja. Sina muda wa kumngoja azeeke."

Chokaa ipo. Brashi ipo.

Mena

Los Angeles, 12 Novemba 1989

Mdogo wangu Mena,

Natumaini sikukuu ilipita vizuri na mvua haikuwaharibia. Sisi tulikuwa jangwani tunarekodi kutua kwa chombo, mchanga ukaingia kwenye vichwa vyetu vya mpira, ikabidi vyote vioshwe. Margaret hajambo. Susan anatamani kachumbari usiku na mchana.

Ratiba haikuniruhusu kuja. Najua utasema nini kuhusu ratiba.

Lugha imepata mwenyewe. Wameleta profesa aliyetutungia lugha ya kisayari yenye sarufi kamili, na kuna njeo maalumu ya mambo ambayo mtu anayajutia kabla hayajatokea. Hakuna anayeweza kuitamka. Lakini ni salama.

Kuna kipindi kinaandikwa ambacho kimenipa kazi ya kufikiri. Mwana wa Mzee Ketar amefanyiwa upasuaji, ameondolewa mikunjo ya shingo, anaishi mji mwingine kama binadamu. Baba yake anapata habari zake, anasafiri, anabisha hodi. Mwana anafungua, mke wake amesimama nyuma yake, mwana anasema simfahamu huyu. Anafunga mlango. Mwandishi ni kijana wa Connecticut, mpole sana, hajawahi kufungiwa mlango na mtu yeyote. Alinifuata wakati wa chakula akaniuliza: mlango ukishafungwa, mzee angeendelea kusimama pale au angeondoka? Mimi nimeonekana mtu mzima mwenye busara.

Nikamwambia sina uzoefu.

Msalimu Mama kwa namna utakayoona inafaa.
A.

New Orleans, 28 Novemba 1989

Anatole,

Tuko salama. Salamu zimeisha hapo.

Sikukuu ya Watakatifu Wote Mama alijua huji, lakini alitaka kwenda. Rénald alimbeba mpaka makaburini, tukamketisha kwenye kiti cha jikoni mbele ya kaburi, na mwavuli. Kila ukoo ulikuwa na ndoo zake na krisanthemamu zake. Rénald akapaka chokaa pande tatu. Alipofika upande wa barabarani Mama akamwambia weka brashi, huo si wako. Umebaki hivyo, mweusi kwa ukungu, na kila anayepita anaona. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, lakini lako lipo, linatazamana na barabara.

Jumatatu zile tatu zilizofuata tulitazama. Mzee Ketar alisema maneno ya profesa wako. Mama aliinamisha sikio, akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia hajasema kitu, Mama. Wiki ya pili akaniuliza tena. Wiki ya tatu hakuuliza. Aliniambia niizime, akala maharage yake kimya, na sijamwona akila kimya tangu nizaliwe.

Nimekuchoka, Kaka. Sikuandikii kwa fumbo. Ulituibia sauti yako miaka thelathini na minane, ukaturudishia kwa wiki mbili kwa bahati mbaya, halafu ukaichukua tena ukatuletea ya profesa. Kama uso wako huwezi kumletea, basi mpe hata sentensi moja. Yeye ataielewa.

Na yule kijana wa Connecticut mwambie hivi: mzee angesimama. Wazazi husimama. Mama amesimama, na miguu hana.

Mena

Los Angeles, 15 Januari 1990

Mdogo wangu Mena,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka. Sikujibu barua yako ya Novemba. Niliisoma ndani ya gari nje ya posta na nimeiacha humo garini. Margaret alipata mafua ya sikukuu, amepona. Susan amekuwa mkubwa, hawezi kufunga viatu. Mtoto anapiga mateke.

Kile kipindi cha mlango tulikirekodi Desemba. Profesa alikuwa likizo. Nilikuwa nimepewa mistari miwili ya lugha yake, mlango ukishafungwa, na baada ya hapo nishuke ngazi. Sikuisema. Nilisema yangu. Mwongozaji hakusimamisha kamera, na nilipomaliza yule mama anayenipaka gundi alikuwa anajifuta macho, ingawa hakuelewa hata neno. Wamekiacha kama kilivyo.

Sitaandika hapa nilichosema. Nimejaribu mara kadhaa na kalamu inakataa.

Kitaonyeshwa Jumatatu ya tarehe 19 Februari. Mweke Mama karibu. Mama mdogo umpe sauti kubwa.

Anatole

TELEGRAMU
New Orleans, 15 Februari 1990
Kwa Bwana Alan Roche, Los Angeles

MAMA AMEFARIKI JANA ASUBUHI. MAZISHI JUMATATU SAA NNE. MENA ROCHON

New Orleans, 24 Februari 1990

Kaka Anatole,

Sina salamu nyingi. Tumezika. Kanivali iko mlangoni na magauni yote nimeyamaliza, la mwisho nimelishona nikiwa nimevaa nyeusi. Mama mdogo anakula vizuri. Rénald amerudi kazini.

Mama alikwenda bila shida. Alikuwa ananisemesha kuhusu kola ya gauni, akasema imekaa upande, nikainama kuitazama, nilipoinua kichwa alikuwa ameshakwenda. Kola kweli ilikuwa imekaa upande. Alikuwa anajua habari za tarehe 19. Nilimsomea barua yako mara tatu, na kila siku aliniuliza bado ngapi. Hakufika. Ungesema Oktoba angesikia, na hilo sitalificha ili upate usingizi.

Nilikuona kanisani. Koti la kijivu, kofia mkononi, na kipara cha Baba. Rénald ndiye aliyekuwa mlangoni kupokea watu. Aliona Mzungu mzee amekuja peke yake, akadhani ni mmoja wa wale ambao Mama aliwafulia zamani, akakupokea kwa heshima zote. Nilimsikia akikwambia, "Karibu mzee, wageni upande huu." Nawe ukamwambia asante. Mjomba mzima unamwambia mpwa wako asante, ukaenda kukaa na wageni.

Kwenye benchi la familia nilikuwa nimeacha nafasi kati yangu na Mama mdogo. Niliweka mkoba asije mtu akaikalia. Niligeuka mara ya kwanza, ukawa unatazama kitabu cha nyimbo. Nikageuka tena. Bwana Ovide alikutambua, na mapacha wa kina Doliole uliosoma nao darasa moja walikutambua, na wazee wengine wengi. Hakuna aliyekusalimu. Usidhani ni chuki. Walikuwa wanakusubiri uanze wewe, na mimi nilikuwa nakusubiri, na misa ikaisha tukiwa tunasubiriana. Nawaza kama ningeinuka nikakushika mkono. Sikuinuka. Mama alikuwa amelala pale mbele, naye adabu hiyo aliishika mpaka mwisho. Sikuona mimi ni nani wa kuivunja.

Makaburini ulibaki kando ya gari. Tulipogeuka kutoka kaburini gari lilikuwa limeondoka. Nilikasirika nikalitupa chini ua nililolishika, Rénald akadhani ni huzuni akanishika bega.

Jioni watu wakaja nyumbani kula. Kwa kuwa ni Jumatatu tulipika maharage mekundu, na majirani wakaleta vyao, nyumba ikajaa mpaka barazani. Mimi mchezo wenu nilikuwa nimeusahau. Mama mdogo hakusahau. Aliiwasha televisheni mwenyewe, akaifungulia sauti mpaka mwisho. Nilitaka kuizima, nyumba ya matanga si mahali pake. Bwana Ovide akaniambia, "Iache, Mena."

Basi wote tuliona. Mzee Ketar akafika mlangoni, mwana akafungua, akasema simfahamu huyu, akafunga. Ukabaki kwenye ngazi. Ukavua kofia. Kisha ukasema, polepole, kwa Kreoli, kama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka mtoni: "Mama, ni mimi. Ni Anatole, mwanao wa kwanza. Nimechelewa. Nifungulie."

Ulitaja jina lako, Kaka. Hakuna aliyecheka. Watu hawakutazama televisheni tena, walinitazama mimi, na mmoja wa mapacha akasema kwa sauti ya chini, "Ameanza yeye." Wakajua wamefunguliwa midomo.

Wa kwanza kuitikia alikuwa Mama mdogo Octavie, ambaye kengele ya kanisa haisikii. Hakuitazama hata ile televisheni. Aliinuka kitini, akapita katikati ya watu na sahani zao, akaenda kwenye mlango wetu wa mbele, akaufungua wote, akatazama barazani kwenye giza.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Mama yako ametoka kidogo."

Hakuna aliyemsahihisha. Alisimama pale ameshika kitasa. Bwana Ovide ndiye aliyelitamka jina lako baada yake, Anatole, bila kunong'ona, kisha mapacha, na baada ya hapo ikawa kama maji: ulivyoanguka kwenye paa la kanisa, ulivyomtapeli padre, msichana uliyemwandikia mashairi akaolewa na mwuza nyama. Rénald alikuwa anageuka huku na huku anauliza ni nani huyo, ni nani, mpaka nikamwambia ni mjomba wako, ulimkalisha asubuhi. Alikwenda kukaa jikoni peke yake.

Mlango ulikaa wazi mpaka mtu wa mwisho alipoondoka, kwa sababu Mama mdogo alikataa ufungwe. Niliufunga mimi. Wewe saa hiyo nadhani ulikuwa angani, pengine juu ya Texas, na huna habari kwamba umekaribishwa. Ndiyo maana nakuandikia.

Mdogo wako,
Mena